Maktaba Iliyofungwa Ili Ifunguliwe

Msiitafute Jamhuri ya Utulivu kwenye ramani. Wachora ramani waliwahi kwenda huko, wakaambiwa wasubiri kibali cha kuiona mipaka, na mpaka leo wangali wameketi kwenye benchi la ofisi. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina rais aitwaye Baba Mtukufu, na ina mji mdogo uitwao Mkwamo, mahali ambapo lami huishia na ahadi huanzia. Haya yalitokea Mkwamo. Msomaji akihisi amewahi kuyaona kwingine, basi macho yake ndiyo yenye makosa, mimi simo.

Hapo Mkwamo aliishi mfinyanzi mmoja, Siwema Lugongo, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana kama sahani na ulimi usiojua kukopesha. Uani kwake, katika chumba cha pembeni, alikaa kaka yake, Mwalimu Hengo. Huyu alifundisha shule ya msingi ya Mkwamo maisha yake yote ya kazi, akastaafu na vitu viwili: pumu na vitabu. Pumu aliiweka kifuani. Vitabu havikuwa na pa kukaa, kwa hiyo alivilaza kitandani, yeye akalala chini.

"Kaka," Siwema alimwambia asubuhi moja alipomkuta anakohoa mkekani, "vitabu vinalala kitandani, wewe walala chini kama mgeni wa msiba?"

"Sakafu ina unyevu, dada. Vitabu vitaoza."

"Na kifua chako hakiozi?"

"Kifua changu hakisomwi na mtu."

Siwema akasonya. Kisha akasema neno lililozaa mambo yote haya: "Basi tuvijengee nyumba yao."

Wakajenga. Wanawake wafinyanzi waliacha vyungu msimu mzima wakafyatua tofali na kuzichoma. Wanaume walipandisha kuta. Bati zilitoka kwenye banda la zamani la soko ambalo upepo ulikuwa umeshalivua. Serikali nayo ilichangia: ilitoa baraka zake, ambazo zina faida ya kutohitaji toroli wala wabebaji. Nyumba ilipokwisha, Mwalimu Hengo akahamishia vitabu vyake humo, watu wakaleta na vyao, akakaa mlangoni na kiti cha kamba, na Mkwamo ikapata maktaba.

Mji ukashikwa na wazimu. Muuza nyama alisoma mpaka wateja wakawa wanajikatia wenyewe. Wafinyanzi walipokezana: mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakikanda udongo. Hata Mashavu, jirani na shoga wa Siwema, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alikuja akaketi nyuma ya chumba na kuanza na herufi a. Watu walisoma magonjwa ya kuku, safari za baharini, historia za wafalme waliokwisha. Na kwa kuwa kitabu hakina adabu ya kujua nani amekishika, wakasoma pia Katiba ya Jamhuri ya Utulivu, kijitabu chembamba ambacho wengi walidhani ni uvumi tu.

Hapo ndipo balaa ilipoingia.

Mkuu wa wilaya wakati huo alikuwa Kanali Mstaafu Majura, mtu aliyepigana vita vyote ambavyo nchi yake haikupigana, kwa ushahidi wa nishani kifuani. Siku moja aliitisha mkutano na kutangaza kwamba chemchemi ya Lukoba, ambako mji wote uliteka maji na wafinyanzi walichimba udongo kando yake, itazungushiwa ua na kupewa mwekezaji, rafiki wa maendeleo.

"Maji yenu yatabaki kuwa yenu," alisema Kanali, "ila yatakuwa upande wa pili wa ua."

Mpiga Makofi wa Wilaya, mwajiriwa wa serikali mwenye kiti chake jukwaani, akaanza kupiga. Mkono wa Siwema ukanyooka.

"Mheshimiwa, Katiba inasema maji ya asili ni ya wananchi wa mahali hapo. Hayafungiwi mpaka wao wenyewe wakae wakubali."

Makofi yakakatika njiani. Kanali akavua miwani yake.

"Nani amekuambia?"

"Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Maktaba, mheshimiwa. Tumeiazima zamu kwa zamu."

"Mmeiazima Katiba?" Kanali alitetemeka mpaka nishani zikalia. "Katiba si ya kuazimanaazimana kama kinu! Katiba ni ya kuapia!"

Mkutano ukavunjika bila wimbo wa taifa, jambo ambalo halikuwahi kutokea Mkwamo tangu wimbo utungwe.

Haikuchukua muda, msafara ukafika maktaba, na kufuli, na mpiga picha. Siwema alikuwepo, alikuwa amemletea kaka yake uji. Kanali alipanda ngazi, akageukia umati, akakohoa kidogo, na kutoa hotuba ambayo wanafunzi wa sheria wa nchi ile huikariri mpaka leo.

"Ndugu wananchi, kuna watu wanazusha kwamba tumekuja kufunga maktaba. Uongo mtupu! Serikali dhalimu ndizo zinazofunga maktaba. Serikali yetu ni sikivu. Sisi tumegundua tu kwamba maktaba hii imefunguka bila kufunguliwa. Na kitu kisichofunguliwa rasmi, kisheria hakijafunguka, hata kama mlango uko wazi na ninyi mko ndani. Kwa hiyo, ili tuifungue rasmi, hatuna budi kwanza kuifunga rasmi."

Akakata utepe wa kufunga. Mpiga Makofi akafanya kazi yake.

"Itafunguliwa lini?" aliuliza Mwalimu Hengo kwa sauti ya upole, sauti ile ile aliyoitumia kumwuliza mtoto kazi ya nyumbani iko wapi.

"Atakapopatikana mfunguzi mwenye hadhi."

Mfunguzi akatafutwa. Alialikwa naibu waziri. Akafutwa kazi kupitia redio wakati gari lake liko njiani, dereva akamshusha pale pale na kugeuza. Alialikwa waziri kamili. Akafika mpaka mlangoni, akagundua kwamba ameshahamishiwa wizara ya mifugo na kwamba anachoruhusiwa kufungua ni josho tu. Misimu ikapita. Mlangoni ulifungwa utepe wa kusubiri ufunguzi, ukalindwa na askari mwenye bunduki. Chemchemi ya Lukoba nayo ikazungushiwa ua bila shida yoyote, kwa kuwa sasa hapakuwa na mahali pa kwenda kusoma kwamba haiwezekani.

Kisha makao makuu yakamleta Afisa Tathmini ya Vitabu. Huyu alikuwa kijana mnene mwenye suti ya kahawia, aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba siku ya ufunguzi hakitakuwamo kitabu kitakachomshtua kiongozi. Mwalimu Hengo aliitwa kujibu maswali. Siwema akamsindikiza, maana ilikuwa majira ya baridi na kifua cha kaka yake kilikuwa kimeanza.

Walikaa ndani ya maktaba, vitabu vimerundikwa mezani. Afisa akaanza na kitabu cha mapishi.

"Hapa pameandikwa: 'Ngoja upande mmoja uive, kisha pindua.' Wapindue nini?"

"Chapati, bwana."

"Na kwa nini wangoje uive upande mmoja? Upande gani huo?"

"Ule wa chini."

Afisa akaandika: *wa chini wanaandaliwa*. Akachukua kitabu cha sarufi. "Na huu 'wakati ujao' uliomo humu umeidhinishwa na nani?"

Mwalimu Hengo akamtazama dada yake. Siwema alimwona anang'ata midomo.

"Bwana, bila wakati ujao hata serikali haiwezi kuahidi."

Afisa alifikiri, akakirudisha kitabu mezani kwa shingo upande. Kisha akakamata kijitabu cha ufugaji, akakisoma kwa sauti, na uso wake ukabadilika. "'Kupe hunyonya damu bila kushiba, huvimba mpaka hawezi kutembea. Dawa yake ni kumng'oa, au kumwogesha ng'ombe mzima.' Kupe huyu ni nani?"

"Ni mdudu."

"Jina lake kamili?"

"Kupe."

"Anakaa wapi?"

"Masikioni mwa ng'ombe. Na kwapani."

"Na ng'ombe ni nani?"

"Hapo bwana," alisema Mwalimu Hengo, "umeanza kuelewa kuliko mwandishi mwenyewe."

Akacheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, mpaka kikohozi kikamshika, akatoa mfukoni pampu yake ya pumu akavuta, akapata pumzi, akamwona tena afisa na kitabu chake, akacheka upya. Siwema naye alicheka. Baadaye alijilaani kwa kicheko kile, lakini bure. Kilikuwa kicheko cha haki, na ndicho cha mwisho walichocheka pamoja.

Afisa alifunga faili. Askari wa kulinda utepe akaitwa. Mwalimu Hengo akakamatwa kwa kosa la kucheka kwa sauti iliyozidi ya serikali.

Kituoni walimpekua wakachukua mkanda, miwani na ile pampu. Siwema aliposikia, alikwenda mbio. Kaunta alimkuta koplo akiigeuzageuza pampu kwenye mwanga.

"Baba, mpe mgonjwa dawa yake. Ana pumu."

"Hiki ni kidhibiti, mama. Chombo kinapuliza. Hatujui kinapuliza nini."

Akaenda hospitali, akapata nyingine, akarudi nayo bado imo kwenye boksi. Koplo akasema dawa haiingii mahabusu bila kibali cha mkuu wa wilaya. Akaenda kwa mkuu wa wilaya. Karani akamwambia Kanali yuko mji mkuu kwenye semina ya utawala bora, na simu haipokelewi wakati wa mada. Akarudi kituoni. Akapiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binadamu yeyote.

"Mwanangu, nakuomba. Msikilize anavyopumua. Mtu anakata roho mle ndani."

"Hapa hakuna anayekata roho bila kufuata utaratibu," alisema koplo, na hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayesoma kibao.

Siwema akazunguka nyuma ya kituo, chini ya kidirisha cha mahabusu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Alisikia kifua cha kaka yake kikipiga filimbi.

"Kaka. Nipo."

"Si... wema."

"Usiseme. Vuta taratibu. Taratibu. Kaa wima, egemea ukuta."

Alikaa pale jioni ile akimhesabia pumzi kama anavyohesabiwa mtoto anayefundishwa kuogelea: vuta, toa, vuta. Pampu alikuwa ameishika mkononi, mpya, imejaa. Kidirisha kilikuwa juu, na nondo zilikuwa karibu karibu. Aliirusha, ikagonga nondo, ikaangukia kwenye majani. Akaitafuta, akairusha tena. Askari akaja akamfukuza kwa kitako cha bunduki.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni. Koplo alimpokea amesimama, kofia kichwani.

"Mama, habari njema. Kaka yako ameachiwa huru bila masharti."

 Siwema aliutazama mlango wa ndani, ameshafungua khanga yake ya juu ili amfunike, maana kulikuwa na baridi. Mlango ukafunguka. Wakamtoa kwenye machela.

Msimulizi mwenye adabu angeweka hapa neno la kutuliza. Sina. Taarifa ya serikali ilisema marehemu alikufa kwa kukosa hewa, na kwamba hewa ni mali ya Mungu, serikali haihusiki na mgawo wake. Kanali alituma shada la maua ya plastiki, na baada ya maziko akatuma mtu kulirudisha, kwa kuwa lilikuwa la ofisi.

Siwema hakulia mbele za watu. Alirudi kwenye udongo wake akaukanda kwa ngumi, na vyungu vyake vya msimu ule vilitoka vizito kiasi kwamba wateja walilalamika. Vitabu vyote vya maktaba vilisombwa vikawekwa stoo ya wilaya kama ushahidi wa kesi isiyokuwa tena na mshtakiwa. Mchwa wakavipata. Wakaanza na Katiba, wakamalizia na kupe, na kwa muda mrefu mchwa wa stoo ile ndio waliokuwa viumbe waliosoma kuliko wote wilayani.

Yangeishia hapo, kama yanavyoishia mengi. Lakini Baba Mtukufu alialikwa kuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa mataifa kuhusu usomaji, na washauri wake wakasema itapendeza aonekane kwenye televisheni akifungua maktaba. Wakatafuta maktaba nchi nzima. Ziligunduliwa mbili: moja ilikuwa imegeuzwa ghala la viti vya sherehe, nyingine ilikuwa Mkwamo, tayari imefungwa kwa ajili ya kufunguliwa. Kanali Majura akasifiwa kwa kuona mbali.

Akaja nyumbani kwa Siwema na kiti chake mwenyewe, kilichotolewa kwenye buti la gari, na paketi ya biskuti.

"Mama Siwema, serikali imeamua kukuheshimu. Maktaba itapewa jina la ndugu yetu mpendwa, Mwalimu Hengo. Shujaa. Jiwe litasema: 'Aliyejitolea maisha yake kwa ajili ya kusoma.'"

Siwema hakuacha kulainisha shingo ya chungu.

"Alijitolea?"

"Ndivyo jiwe linavyosema."

"Na kama mimi nasema vingine?"

"Mama," alisema Kanali kwa huruma ya kweli, "jiwe limeshachongwa."

Akaeleza kwamba Siwema atakaa jukwaani, atapewa kipaza sauti, na atasoma shukrani zilizokwisha kuandikwa kwa niaba yake na wataalamu wa shukrani. Akamtajia pia, kama kwa bahati, kwamba tanuri lake halina leseni. Siwema akanawa mikono.

"Nitakuja," akasema.

Habari zilipozagaa, Mashavu alimjia amevimba kwa hasira.

"Siwema! Kweli utapanda ukawashukuru? Wewe niliyekushika mkono kaburini?"

"Nitapanda."

"Kwa nini? Wamekutisha?"

"Wamenitisha. Lakini si hilo. Mtu akikualika kwenye uongo wake, shoga yangu, usisimame nje ukinuna. Ingia, kaa kiti cha mbele."

Mashavu hakuelewa, akaondoka bila kuaga.

Siku moja kabla ya ufunguzi, wanawake waliitwa kufagia maktaba. Siwema aliingia na kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kicheko kile akaona rafu zimejaa. Vitabu vikubwa, vya rangi nyekundu na kijani, migongo yenye maandishi ya dhahabu: Hekima, Sayansi, Upendo wa Taifa. Moyo wake ulitaka kulainika. Akanyoosha mkono afute vumbi, akavuta kimoja. Kilikuwa kizito mno. Akakinusa. Rangi mbichi, na chini ya rangi, mbao. Akajaribu cha pili, cha tatu. Rafu nzima ilikuwa vipande vya mbao vilivyorandwa vizuri na kupakwa rangi na fundi samani wa serikali.

Akakirudisha kila kimoja mahali pake, akafuta vumbi, akaenda zake.

Siku ikafika. Mkwamo nzima ilipangwa kwa mistari. Baba Mtukufu alishuka garini amevaa joho na kofia ya uhitimu ya chuo alichokianzisha ili kimpe shahada. Alizungumza kwa muda mrefu, jua likazungusha vivuli vya watu.

"Mimi mwenyewe," alisema, "nilianza kusoma kabla sijazaliwa. Mama yangu alisimulia kwamba nilikuwa nikigeuka tumboni kila alipopita karibu na gazeti. Taifa langu ni taifa la wasomaji. Na asiyesoma tutamsomesha, na asiyetaka kusomeshwa tutamsomea mashtaka!"

Makofi. Akakata utepe, milango ikafunguliwa wazi, kamera zikaingia nyuma yake na rafu zikang'aa. Jiwe jeupe lilifunuliwa ukutani kando ya mlango. Kisha Siwema akakabidhiwa kipaza sauti na karatasi ya shukrani. Aliikunja karatasi akaitia kwenye pindo la khanga.

"Baba Mtukufu," alisema, "mimi ni mfinyanzi, sina maneno ya kutosha siku kubwa kama hii. Nina ombi moja. Hapa Mkwamo tumekusikia ukihutubia, tumekusikia ukionya. Hatujawahi kukusikia ukisoma. Tuchagulie kitabu, utusomee hata mstari mmoja, ili tuseme maktaba yetu ilizinduliwa na msomaji."

Umati ukaguna kwa kupendezwa. Mpiga Makofi, ambaye hakuwa amepewa maelekezo, akapiga makofi kwa mazoea. Kanali Majura alinyanyuka nusu, akaketi tena. Angesema nini? Kwamba rais asisome?

Baba Mtukufu alitabasamu. Alipenda kuombwa. Akanyoosha mkono kwenye rafu akachomoa Hekima.

Siwema alikuwa karibu naye kuliko wote. Aliona uzito ukimshtua kiganjani. Aliona kidole gumba kikitafuta ukingo wa jalada, kikapita juu, kikapita chini, kikarudi. Aliona jasho likichomoza chini ya kofia ya uhitimu. Kamera ilikuwa usoni pake, na matangazo yalikuwa ya moja kwa moja nchi nzima. Mtu huyu hakuwahi kukosea mbele ya watu, na hakuwa na la kufanya ila lile alilolizoea. Akainua kipande cha mbao mbele ya macho yake, akakisoma.

"'Taifa...'" alisoma, "'taifa lisilosoma... ni taifa... ambalo halisomi.'"

Mawaziri wakatoa kalamu wakaandika. Makofi yakavuma. Baba Mtukufu akapata nguvu. "'Na kiongozi ni kama... ni kama kiongozi.'"

"Ahsante, Baba," alisema Siwema kwenye kipaza sauti. "Ukurasa huo tumeusikia. Sasa geuza ukurasa."

Makofi yakafa.

Baba Mtukufu akamtazama. Pengine ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kumtazama mtu wa Mkwamo usoni.

"Geuza ukurasa, tuendelee," alisema Siwema. "Kaka yangu alikufa kwa ajili ya vilivyokuwa humu. Tunataka kusikia ukurasa wa pili."

Mshauri mmoja alianza kuimba wimbo wa taifa, akajikuta peke yake. Ndipo ikatoka sauti ya Mashavu kule nyuma, kali kama kisu: "Geuza ukurasa!" Muuza nyama akaidaka. Wafinyanzi wakaidaka. Mstari baada ya mstari, watu waliopangwa kushangilia wakawa wanapaza sauti moja: "Geuza ukurasa! Geuza ukurasa!" Na yule mzee mwenye joho, kwa kuchanganyikiwa, alijaribu kweli. Alikwangua ile mbao kwa kucha mbele ya nchi nzima, mpaka ikamponyoka, ikaanguka juu ya kiatu cha Kanali Majura, ikadundia sakafuni: ngo! Kitabu hakilii hivyo. Kila aliyekuwa na redio au televisheni katika Jamhuri ya Utulivu aliusikia mlio ule.

Msafara uliondoka kwa fujo. Waziri mmoja alisahauliwa, akapanda lori la mkaa. Siwema alikamatwa pale pale jukwaani. Lakini wafunguzi walikimbia bila kufunga mlango, na asubuhi yake watumishi wa wilaya walipokuja na kufuli, wanasheria wao wakawashika mikono: maktaba imefunguliwa na Baba Mtukufu mwenyewe, na alichokifungua Baba Mtukufu hakifungwi na mtu mwingine. Walisimama na kufuli lao wakiwatazama watu wakitoa mbao rafuni na kuingiza walivyonavyo: misahafu, Biblia, vitabu vya shule vya watoto waliokua, magazeti ya kufungia samaki. Mbao zilipikia maharage.

Siwema alikaa mahabusu ile ile. Waendesha mashtaka walihangaika. Kumwambia mtu ageuze ukurasa si kosa, mpaka kwanza uandike kwamba kitabu hakikuwa na ukurasa. Na kuandika hivyo ni kumtukana rais. Waliandika, wakachana, wakaandika. Mwishowe Kanali akaja kumtoa mwenyewe, mguu wake umefungwa bandeji.

"Mama, nenda nyumbani. Serikali imekusamehe."

"Mimi sijaisamehe."

"Unasemaje?"

"Mimi sijaisamehe," alisema Siwema. "Andika hivyo, kama mnaandika."

Hakuandika. Kanali hakushtakiwa wala hakukaripiwa. Alipandishwa cheo akawa balozi katika nchi yenye maktaba nyingi. Koplo bado yuko kaunta. Ua wa chemchemi ungalipo, ingawa pembeni mwa maktaba kuna meza ambapo wanawake kadhaa husoma sheria ya maji kila wiki, na mwekezaji ameanza kuulizia nauli ya kurudi kwao.

Siku aliyotoka, Siwema alipita nyumbani kuchukua nyundo na patasi tu. Akaenda maktaba, akapanda kwenye kiti mbele ya lile jiwe jeupe, akaanza kugonga. Vumbi la jiwe lilimjaa kwenye nywele. Watu walitoka ndani wakasimama kumtazama. Alilifuta neno "aliyejitolea," akafuta "maisha yake kwa ajili ya kusoma," akaacha jina la kaka yake. Chini ya jina akachonga neno moja, polepole, kwa herufi zisizolingana, kisha akashuka.

Mashavu alisogea karibu, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"A... li... ye..." Akasogeza kidole. "U... a... wa."

"Rudia," alisema Siwema. "Kwa sauti. Wa barabarani wasikie."